Maziwa ya Saa za Kazi

“Nakuuliza tena, yametengenezwa saa ngapi?” Afisa Muda alisema, chupa kaiinua juu kama refa aliyenyang’anya mpira.

“Maziwa ya mama hayatengenezwi, Bwana Kasimbazi. Yanashuka,” Siwema akajibu.

“Haya, yameshuka saa ngapi?”

“Mtoto analia. Nipe chupa yangu.”

“Nakuuliza swali la kikazi, wewe unanijibu mambo ya nyumbani. Umeingia hapa alfajiri. Sasa ni saa nne. Kifua umekuja nacho, sikatai, hicho ni chako. Lakini yaliyomo yameshuka ndani ya saa za kazi, ndani ya uzio wa kiwanda, kwa mtu anayelipwa mshahara. Kila kinachozalishwa humu ni mali ya kiwanda. Kukipitisha getini bila kibali cha bohari ni wizi.”

Nje ya geti, nyuma ya nondo, alisimama Bi Nyamizi, mama mkwe wa Siwema, mjukuu wake kamfunga kifuani kwa kanga.

“We baba,” akasema, “mama yako alikunyonyesha kwa kibali cha bohari gani?”

“Bibi, usiniingilie kazini.”

“Nikuingilie vipi na geti mmefunga?”

Siwema aliruka kuidaka chupa. Afisa Muda akarudi nyuma, akamkabidhi karani wake, na karani akaondoka nayo kwenda bohari, kaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bomu. Mtoto, jina lake Kito, aliendelea kulia. Hakikuwa kilio cha mtoto aliyeshiba anayetaka kubebwa. Mama yeyote anakijua kilio kile: kikavu, kinakatika katikati, kinaanza tena kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo.

Nami nilikuwa pale pale, ubavuni kwa Siwema. Kazi yangu ni kuangalia mkono wake wa kushoto. Najua inasikika vibaya, lakini ni cheo. Ngoja nieleze, msije mkaifikiria nchi yetu vibaya.

*

Nchi yetu ina sheria nzuri ya kazi. Ni nzuri kuliko za majirani wote, na wageni huja na kamera kuipiga picha. Inasema wazi kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kupumzika, na kwamba mama anayenyonyesha ana haki ya kutoka akanyonyeshe. Imechapwa kwa rangi, ikatiwa kioo, ikatundikwa ofisini kwa Meneja, juu kabisa karibu na dari, mahali ambapo huwezi kuisoma bila kusimamisha kazi. Na kusimamisha kazi ni kosa.

Zamani, saa nne, tulikuwa tunakunywa chai. Kengele inalia, mashine zinazimwa, kila mtu anachukua kikombe chake na andazi lake, watu wanaulizana habari za watoto na za mvua. Basi Waziri wa Muda na Jasho, Mheshimiwa Dokta Magunila, akaja kututembelea. Udaktari wake alipewa na chuo alichokizindua mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla hata utepe haujaokotwa. Alitukuta tumeshika vikombe. Hakugomba. Alisikitika tu, kama baba aliyemkuta mtoto anachezea pete ya ndoa.

“Ndugu wananchi,” akasema, “haki ni kitu cha thamani. Nawauliza: kitu cha thamani huachwa mikononi mwa watu wanaoshika sindano na sponji siku nzima? Si mtakipoteza? Si mtakimaliza chote leo, kesho muwe hamna? Kuanzia sasa Serikali yenu sikivu itawatunzia. Hakuna haki yoyote iliyofutwa. Tumeiweka mahali salama.”

Tukapiga makofi. Sisi ni watu wa kushukuru. Hivyo ndivyo ilivyoanzishwa Hazina ya Taifa ya Mapumziko. Kila siku chai yako inawekwa, jioni yako ya mapema inawekwa, muda wako wa kunyonyesha unawekwa. Ukiuliza utavichukua lini, unaambiwa vinazaa.

Wa kwanza kuchukua alikuwa Mzee Lubuva, mkata sponji. Mtu mpole, mguu wake mmoja ulikuwa unavimba. Aliomba akae kidogo, akaambiwa asiharibu akiba yake. Siku moja akainamia meza yake ya kukatia na hakuinuka. Msimamizi alimpita mara mbili akidhani anapima. Waziri alikuja mazikoni kwa gari refu, akasimama juu ya udongo mbichi, akasema kwa sauti iliyojaa heshima:

“Leo Serikali imetimiza ahadi. Ndugu Lubuva amekabidhiwa mapumziko yake yote kwa mkupuo, bila makato.”

Mjane wake alikuwa mbele yangu. Sitawaambia alisema nini, maana kuna watoto wanaosoma.

*

Nisisahau kusema kwamba tunatengeneza magodoro. Ukutani, upande wa barabarani, kuna maandishi makubwa ya kijani: TAIFA LIPUMZIKE. Ndani hakuna kiti hata kimoja. Mashine za kushonea ziliinuliwa juu ya matofali ili tushone tumesimama, kwa sababu Waziri aliambiwa na wataalamu kwamba mtu akishakaa, hukaa.

Baada ya mazishi, wizara iliingiwa na wasiwasi kwamba wengine nao wanapumzika kwa siri, tena bila kufa. Wakatuletea Vidani vya Uzalendo. Ni kidude kama kiberiti, unakivaa shingoni, kinahesabu unavyotikisika. Ukitulia, kinawaka taa nyekundu na kulia kama mbuzi aliyekanyagwa. Ukikuna kichwa, kinakusifu. Kwa hiyo watu wenye akili walikuna vichwa kutwa, na wajinga, waliokuwa wakitulia ili sindano isiwatoboe vidole, wakakatwa mishahara.

Mwisho wa mwezi Meneja alitangaza mfanyakazi bora. Alikuwa ametikisika bila kukoma, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu, hakwenda hata chooni. Tulisubiri kwa hamu tumwone shujaa huyo. Ikagundulika kwamba mtu fulani alikuwa amefunga kidani chake kwenye panga la feni ofisini kwa Afisa Muda. Mtu huyo hajapatikana mpaka leo, na mimi sina la kuongeza. Lakini cheti kilikuwa kimeshasainiwa na Waziri, na saini ya Waziri hairudi nyuma. Feni ikavishwa cheti. Bado iko pale, inazunguka nacho.

Tukadhani yameisha. Kumbe kushindwa kwa mashine, katika nchi yetu, kazi yake ni kuonyesha kwamba watu hawakubanwa vya kutosha.

“Mashine inadanganyika,” Waziri alisema redioni. “Jicho la binadamu halidanganyiki. Kila mfanyakazi apewe mwangalizi wake.”

Waangalizi watatoka wapi? Hakukuwa na fungu la kuajiri. Ikaamuliwa watoke miongoni mwetu. Nusu yetu tukaacha kushona, tukaanza kuwaangalia wenzetu wanaoshona. Tukavishwa vitambaa vyekundu mkononi. Baadaye ikaonekana kwamba mwangalizi mmoja hawezi kumwona mtu mzima sawasawa: akiangalia mikono, mdomo unapiga soga, akiangalia mdomo, macho yanatazama dirishani. Wakatugawia viungo. Huyu mkono wa kulia, yule mdomo, yule miguu. Kila mara kiungo kilipokosa mwangalizi, mshonaji mwingine alitolewa kwenye mashine na kupandishwa cheo. Mimi nilisomea ushonaji chuoni, nina stashahada, na nikapanda mpaka mkono wa kushoto.

Ikafika siku ukumbi mzima ukawa na waangalizi, na waangalizi wa waangalizi, na mtu mmoja anayeshona. Huyo ndiye Siwema. Ofisini walishangilia. Kwenye ubao waliandika kwamba udhibiti umefikia kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Kwamba magodoro yamepungua, hilo waliliweka chini ya hujuma.

*

Siwema ni binti mwembamba, mcheshi, mwenye mkono mwepesi kwenye kitambaa. Baba wa mtoto yuko machimboni, hupiga simu akipata mtandao. Likizo yake ya uzazi ilikatwa kwa sababu alijifungua kabla ya tarehe aliyoitaja. Wizara ikahesabu kwamba zile siku za mwanzo amejichukulia bila ruhusa. Akarudi kazini mtoto bado shingo haijakaza.

Muda wake wa kunyonyesha uliwekwa Hazina, kama wa wenzake. Basi akawa anakamua chooni. Waangalizi wake wote tulikuwa tunaingia naye, kwa mujibu wa kanuni, kisha tunageuza nyuso ukutani na kuimba kwa nguvu, ili anayetuangalia sisi asisikie. Akimaliza, anapitisha chupa kwenye nondo za geti, Bi Nyamizi anaipokea, anaondoka. Hakikuwa chakula cha kutosha. Lakini kilikuwa chakula.

Juzi Siwema alimpeleka Kito kliniki. Muuguzi aliiangalia kadi, akaiona ile alama ya uzito imeshuka kutoka kwenye kijani, akamvuta mtoto ngozi ya tumbo, ikachelewa kurudi.

“Huyu hahitaji dawa,” akamwambia Siwema. “Anahitaji ziwa. Ukiendelea hivi utaniletea maiti.”

Aliniambia hivyo hivyo alivyoambiwa, akishona, bila kuinua uso, kwa sababu mwangalizi wa mdomo alikuwa Mwanakombo, na Mwanakombo akiona mtu anasema jambo la maana huwa anaangalia viatu vyake.

“Mama Tunzo,” Siwema akaniambia, “nikiacha kazi hatuli. Nisipoacha, yeye hali. Nifanyeje?”

Nilikuwa nimeukazia macho mkono wake wa kushoto.

*

Basi siku ile ya chupa. Mpaka jana yake ilikuwa inapita. Lakini leo Waziri anakuja, na siku ambayo mkubwa anakuja, kila mdogo huamka na sheria mpya.

Alikuwa anakuja kuchukua magodoro ya Ukumbi wa Mapumziko wa Waheshimiwa, kule bungeni. Ilikuwa imethibitika kwamba kutunga sheria za kazi kunachosha. Ukumbi wenyewe ulikuwa tayari, una mapazia mazito na mito ya manyoya. Kilichokosekana ni kitu cha kulalia.

Uani palitandikwa zulia. Mashine ya Siwema ikabebwa nje na kuwekwa katikati ya zulia, ili Waziri auone uzalishaji kwa macho yake. Sisi waangalizi tukapangwa nyuma yake kwa mistari, na waangalizi wetu nyuma yetu, mpaka kwenye ukuta. Hata askari wa getini aliitwa aje kujaza mstari. Nje ya nondo Bi Nyamizi hakuondoka. Alikuwa anazunguka pale pale jua kali, anamtikisa mtoto, anamwekea kidole mdomoni. Mtoto anakishika kidole, anakivuta mara mbili, anagundua amedanganywa, analia.

“Mwondoeni yule bibi,” Meneja akasema.

“Yuko nje ya uzio,” Afisa Muda akajibu. “Nje ya uzio si kazi yangu. Ningependa, lakini sina mamlaka.”

Waziri akafika. Aliketi kwenye kiti alichokuja nacho, maana sisi hatuna. Akaomba chai, kwa kuwa ilikuwa saa zake za chai.

Hapo pakatokea tatizo dogo. Jikoni hapakuwa na maziwa. Ng’ombe wa kiwanda aliuzwa zamani kwa kosa la kulala mchana. Niliwaona Meneja na Afisa Muda wakinong’onezana, jasho likiwatoka. Kisha Afisa Muda akatabasamu kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo, akaenda bohari mwenyewe.

Nami naapa kwa wanangu, nilimwona anatoka na ile chupa.

*

Waziri alihutubia huku akinywa. Ana kipaji hicho.

“Nchi zingine,” akasema, akanywa, “zinazungumzia faragha. Mfanyakazi asiangaliwe, mfanyakazi asifuatwe chooni. Mimi nauliza: mtu asiye na la kuficha, faragha ya nini? Mimi mwenyewe nyumba yangu ina ukuta mrefu, lakini huo ni kwa ajili ya upepo.” Akanywa tena. “Wanasema mtu apumzike ndipo azalishe. Uongo! Moyo wako unapumzika? Je, mapafu? Ukiona vimepumzika, ujue wewe ni marehemu. Na marehemu tunawajali, muulizeni Lubuva.” Akatazama kikombe. “Bwana Meneja, chai hii ni nzuri mno. Nyepesi, ina utamu wa peke yake. Haya maziwa mnayaagiza wapi?”

Afisa Muda akasogea mbele kabla Meneja hajafungua kinywa. Alikuwa ameingoja siku hii maisha yake yote.

“Hatuagizi, Mheshimiwa. Ni uzalishaji wa ndani.”

“Hongera sana! Mwaonaje, ndugu wananchi? Uzalishaji wa ndani!”

Makofi yakapigwa. Siwema hakupiga. Alikuwa ameacha kushona. Mbele ya gauni lake, pande zote mbili, palikuwa pameloa, maana mtoto alikuwa akilia nje na mwili wa mama hausubiri kibali. Aliangalia kikombe, akaiangalia chupa tupu mkononi mwa Afisa Muda, yenye kile kifuniko cha bluu alichokitafuna mtoto.

“Mheshimiwa,” akasema. Hakupaza sauti. “Umekunywa chakula cha mwanangu.”

Waziri akacheka kidogo, kwa ile adabu ya watu wakubwa wanapotaniwa. “Anasemaje?”

“Nasema hayo ni maziwa yangu. Yametoka hapa.” Akajishika kifuani. “Mwanangu ni yule anayelia pale. Tangu alfajiri hajatia kitu. Alichopaswa kula kiko tumboni mwako.”

Bi Nyamizi, ambaye masikio yake hayajazeeka, akashika nondo za geti kwa mikono yote miwili.

“Ati kanywa?” akauliza. “Lile jitu zima limekunywa maziwa ya mkwe wangu?”

“Kanywa, bibi!” mtu akajibu kutoka mistari ya nyuma. “Tena kaomba na sukari!”

“Basi salaam aleikum, Mheshimiwa! Karibu katika ukoo! Umenyonya ziwa moja na Kito, Kito ni ndugu yako. Na yule uliyemsimamisha juani ndiye mama yako. Hujamwamkia! Mpe mama yako shikamoo!”

Mtu mmoja akacheka. Halafu Mwanakombo akacheka, na Mwanakombo ana cheko la kuangusha vyombo. Halafu ua mzima. Tulikuwa hatujacheka tangu vidani, na kicheko kilichohifadhiwa muda mrefu hutoka kwa fujo. Waziri alisimama, kikombe kikaanguka juu ya zulia.

Watu wa dini watasema maziwa ya utu uzimani hayafanyi undugu, na wana hoja. Lakini Mheshimiwa Magunila, pamoja na udaktari wake, alizaliwa na kulelewa na watu kama sisi. Alifundishwa kwamba ukimkosea mama aliyekunyonyesha, hutengenekewi. Alifundishwa kwamba akiapa kwa ziwa lake, umekwisha. Nilimwona anavyojikohoza. Alikuwa anajaribu kuyarudisha yale maziwa.

“Mheshimiwa,” Siwema akasema, “mimi sina cheo, na Hazina yako siiwezi. Lakini ziwa ni langu. Uliyoyanywa hayo, yakutokee puani.”

Akasogea mbali na mashine. Akaanza kutembea kwenda getini.

*

“Mrudisheni!” Waziri akafoka. “Waangalizi! Fanyeni kazi yenu!”

Tuliifanya. Kanuni inasema mwangalizi asikiache kiungo chake kipotee machoni. Haisemi arudishe mtu, inasema aangalie. Tukamfuata kwa mistari, tumekaza macho, na waangalizi wetu wakatufuata sisi. Ua ukahamia getini.

Komeo la geti letu liko nje, mkono wa aliye ndani haulifikii. Walilijenga hivyo wakituwaza sisi. Na askari aliyetakiwa kuwa nje alikuwa mstarini, anaangalia kisogo cha mtu. Bi Nyamizi akalivuta komeo mwenyewe, kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umemshika mjukuu. Geti likafunguka. Siwema akatoka, nasi nyuma yake, wote, mpaka wa mwisho. Uani wakabaki Waziri, msafara wake, Meneja, Afisa Muda, mashine moja, na magodoro ambayo hayajashonwa.

“Taarifa!” Waziri alipiga kelele toka kwenye zulia. Hakututazama usoni, alitazama vitambaa vyetu vyekundu. “Mkono wa kulia uko wapi?”

“Unafungua vifungo, Mheshimiwa,” akajibu mwangalizi wa mkono wa kulia.

“Mkono wa kushoto!”

Hapo ni mimi. Niliutazama mkono ule, kama nilivyoutazama siku zote. Vidole vimejaa alama za sindano. Ulikuwa chini ya kichwa cha mtoto.

“Umembeba Kito,” nikasema.

“Kwa idhini ya nani?”

“Yangu.”

“Mdomo!”

“Unamwambia mtoto pole,” Mwanakombo akasema. Hakuwa anaangalia viatu.

“Macho! Nani ana macho?”

Mwangalizi wa macho ni dada mmoja mkimya anayeitwa Tabu. “Yanalia, Mheshimiwa,” akasema.

Kito alikuwa amelipata ziwa. Mwanzoni alilikosa kwa pupa, akalia, akalishika. Kisha ikawa ile sauti, mnaijua, ya mtoto anayemeza kwa haraka akihofia atanyang’anywa. Ilisikika mpaka kwenye zulia. Siwema aliketi chini, mavumbini, mgongo kaegemeza ukutani chini ya yale maandishi ya kijani.

Waziri akajikusanya. Alikumbuka yeye ni nani.

“Nasema mara moja tu,” akatangaza. “Anayeitaka kazi arudi ndani sasa hivi. Asiyetaka, abaki huko nje na njaa yake. Nikimaliza kuhesabu, geti hili linafungwa!”

Wenzangu wakatazamana. Sitaki kuwadanganya kwamba tulikuwa mashujaa. Kila mmoja pale ana watoto, kila mmoja ana kodi ya nyumba. Niliwaona wawili watatu wanasogeza mguu kuelekea ndani. Tabu alinishika mkono.

“Mama Tunzo, tufanyeje?”

Nilimtazama Kito. Mkono wake mdogo ulikuwa umeshika gauni la mama yake, umelikamata hasa, kama mtu asiyeshawishika tena. Na hasira niliyokuwa nimeiweka Hazina siku zote hizo, kumbe ilikuwa imezaa.

“Anataka geti lifungwe,” nikasema. “Tumfungie.”

Nikavua kitambaa chekundu, nikakitupa. Nikalishika geti, zito lile, nikalisukuma. Mwanakombo akaja na bega lake. Tabu akaja. Afisa Muda alianza kukimbia kutoka kwenye zulia, akipiga kelele kwamba huo ni utaratibu wake, kwamba ni yeye peke yake aliyepewa geti. Akachelewa. Nondo zikagongana mbele ya pua yake.

“Fungua!” Waziri akapaza sauti nyuma yake. “Mama, fungua hilo geti! Nina kikao!”

“Mashine hiyo hapo nyuma yako, Mheshimiwa,” nikamwambia. “Sindano bado ina uzi. Ukimaliza magodoro yenu, tuite.”

Nikasukuma komeo mpaka likagota.